Siku Mama Alipofungua Mdomo

Tulipomwosha mama kwa mara ya mwisho, mjukuu wangu aliyesomea uuguzi aliushika muundi wake, akausogeza kwenye mwanga wa dirisha, akauliza madoa yale meusi ni ya nini. Aliuliza kwa sauti ya watu wa hospitali. Nikamwambia amwage maji, aache maswali. Si kwamba sikuwa na jibu. Jibu lilikuwa refu, na mimi nilikuwa nalia, na kulia na kusimulia haviendi pamoja. Sasa machozi yamekauka kiasi, nasimulia. Ninyi wa rika langu mliokulia upande ule wa Unyamwezi mtanielewa upesi kuliko yeye.

Kijiji chetu kilikuwa kando ya njia ya zamani ya misafara, kusini ya Tabora, mwendo wa kutwa nzima kwa miguu. Wakati wangu misafara ilikuwa imekwisha zamani. Nchi ilikuwa ya Mwingereza, garimoshi lilikuwa mjini, na malori ya tumbaku yalipita mara mojamoja yakitoka Sikonge. Lakini wazee bado walijua kila kituo ambapo mapagazi walitua mizigo, na walivitaja kama mtu anavyotaja nyumba za ndugu zake. Baba alikuwa mrina asali. Kiangazi aliingia porini na wenzake wiki tatu au nne, wakirina mizinga na kuchemsha nta, akarudi nyumbani ananuka moshi hata ukimwosha kwa sabuni. Katika siku ninazozisimulia alikuwa huko porini, hana habari ya lolote.

Kwetu wanaume hawakula chakula nyumbani. Chakula kilipelekwa kwenye iwanza, banda la wanaume katikati ya kijiji, nao wakala huko pamoja. Mama alikula jikoni na watoto wake, bakuli moja. Kwa hiyo jinsi mwanamke anavyotafuna ni jambo ambalo mumewe anaweza kumaliza ndoa nzima bila kulijua. Mimi nililijua. Nilikuwa na miaka minane au tisa, meno ya mbele yakiwa ndiyo kwanza yameota, na niliona mama ameacha kutia pilipili kwenye nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa ambayo bila pilipili hayana maana. Kisha akaacha kula ugali ukiwa wa moto. Kisha akawa anaulowesha kwenye mtindi, anaumeza bila kutafuna, macho yamefumbwa. Siku nilipomlambisha asali kwenye kidole changu aliruka, akashika shavu, na machozi yakamtoka. Nikamwomba nione. Akafungua kidogo tu. Ndani ya mashavu palikuwa pekundu, pamechubuka, na kuna weupe umetambaa pembeni. Akaniambia nisimwambie mtu, hasa Bibi.

Bibi alikuwa mama yake baba. Alikuwa mjane, mfupi, mkali, na kauli yake haikurudi nyuma. Nilijua kwa nini asiambiwe, au nilidhani najua. Kwa mila yetu mke halitaji jina la baba mkwe wake, hata akiwa amekufa. Kitu chochote chenye jina linalofanana nalo atakiita vingine. Bibi alitufundisha kwamba mke anayelitaja hupatwa na vidonda mdomoni, ulimi unaoza. Sasa, nilipoandikishwa shule ya misheni, mwalimu alitaka majina matatu: langu, la baba na la babu. Mimi nilijua Babu tu. Baba wakati huo pia alikuwa porini, na Bibi sikuthubutu kumuuliza. Nikamganda mama siku mbili, nalia kwamba nitafukuzwa, mpaka akainama akaninong'oneza lile jina sikioni. Silitaji hapa. Adabu ni adabu, hata kwa uzee huu.

Vidonda vilipokuja miezi michache baadaye, mimi sikuhitaji mganga wa kunipigia ramli. Mama alikuwa anaoza mdomo kwa ajili yangu. Nilikwenda shule nikiitwa kwenye daftari kwa jina lile, naitikia, na kila nikiitikia naona kama namwongezea kidonda. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Mdomo ungefichika. Alijifunika khanga mpaka puani, na watu wakasema ni heshima kwa mama mkwe. Ngozi ndiyo iliyomwumbua. Vilimtoka vipele vya ajabu kwenye viwiko vya mikono, upande wa ndani, na kwenye miundi: bapa, vinang'aa kwa juu, rangi ya zambarau iliyokolea. Vingine viliungana vikawa madoa. Jirani akaona kisimani, na kufika jioni kijiji chote kilikuwa na neno moja tu mdomoni. Ukoma.

Dresa, yule msaidizi wa tabibu wa zahanati, alipita kwetu kwa baiskeli kila baada ya wiki mbili. Alikuwa kijana mpole, kaptura yake nyeupe imepigwa pasi hata kwenye vumbi lile. Alimtazama mama mikono na miguu hapo uani mbele ya watu. Mdomo hakuutazama kwa sababu hakuna aliyemwambia autazame, na mama alikaa na khanga yake puani. Akaandika kwenye kitabu, akamwambia mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, kwamba huenda ni ukoma, apelekwe kwenye kambi ya wakoma akaangaliwe. Neno "huenda" lilidondoka palepale. Mwanangwa alilobeba ni ukoma na kambi, akatangaza kwamba Jumatatu asubuhi atakuja na mtu wake kumchukua.

Jioni ileile Bibi alikuja akamchukua mdogo wangu. Alikuwa mtoto wa kunyonya bado, anasimama kwa kushika ukuta. Bibi alimfunga mgongoni bila kusema neno, akaniamuru na mimi nibebe mkeka wangu. Mama akapewa bakuli lake na kata yake ya maji. Tangu pale Bibi hakumwita tena kwa jina la uzazi, Mama Nyamizi, kwa jina langu mimi; alisema "yule". Mpelekee yule uji. Yule ameamka? Nilimchukia Bibi kwa moyo wote, na nasema hivyo bila haya, ingawa nilikuja kujua kwamba naye usiku alikuwa analia.

Mimi nilitumwa kupeleka uji, na kila nilipoupeleka nilikaa nikaula pamoja naye kwenye bakuli lake, mlango umefungwa. Mama alinifukuza mara ya kwanza. Mara ya pili alichoka. Ndipo nilipoona jambo. Alikuwa anajikuna. Hakujikuna kidogo kama mtu aliyeumwa na mbu. Alichukua gunzi la muhindi akajisugua miundi mpaka ngozi ikatoka unga. Nami nilikumbuka Bibi alivyotusimulia juu ya mjomba wake aliyekuwa mkoma: aliweza kuweka mkono juu ya kaa la moto asijue, mpaka asikie harufu. Mkoma hasikii. Mama alisikia mpaka akatafuta gunzi.

Nilimwambia hivyo, kwa maneno ya kitoto. Mama aliacha kujikuna. Aliweka gunzi chini, akasema taratibu, "Basi twende kwa daktari mkubwa, aniambie yeye." Ilikuwa Alhamisi. Sikuuliza kama tunaruhusiwa. Nilijua haturuhusiwi.

Ijumaa tulitoka alfajiri, mimi na yeye, na kifurushi cha viazi vitamu vya kuchemsha. Hatukupita barabara ya malori, kwa kuhofia watu. Tulifuata njia ya zamani msituni. Babu yake mama alikuwa pagazi, mtu wa kubeba meno ya tembo mpaka pwani, na mama alikuwa na ule mwendo wa ukoo wao, hatua fupi zisizokoma. Kila nilipotaka kukaa alisema mzigo hautuliwi kabla ya kituo. Tulipofika kituo alikaa, akanigeukia mgongo, akakamua maziwa yake kwenye majani. Mimi nilidhani anatambika, anawaomba mababu msamaha kwa lile jina. Nikanyamaza kwa heshima, nami nikaomba kimoyomoyo. Sikujua kwamba yalikuwa maziwa ya mdogo wangu yanamuuma kifuani. Khanga yake ilikuwa imelowa mpaka kiunoni, naye akaendelea kutembea.

Tuliingia Tabora jua linazama, tukalala mtaa wa Chemchem kwa shangazi yake aliyeolewa pale. Shangazi alimtazama mikono, akamtazama ile khanga puani, akasema, "Mficha maradhi, kilio kitamuumbua." Mama alivuta mkeka akalala. Nami neno lile nililala nalo.

Daktari alikuwa Mhindi mwenye mvi, aliyekaa Tabora hadi Kiswahili chake kikatuzidi sisi wa kijijini. Tulimsubiri kwenye benchi tangu asubuhi hadi watu wakapungua. Tuliposema shikamoo aliitikia marahaba bila kuinua kichwa, halafu akaona mikono ya mama, akakiinua. Alimfumbisha macho. Akamgusa kwa pamba, akamchoma kwa pini, juu ya madoa na pembeni yake, na kila mara mama alisema hapa, hapa, na hapa. Hakukosa hata moja. Mimi moyoni nilikuwa nacheza ngoma. Lakini daktari alikuna kidevu, akasema haoni dalili za ukoma, ila hajui anachokiona, na hawezi kuandika jambo asilolijua. Ingekuwa vizuri mama akae kambini miezi miwili mitatu, waone madoa yanakwendaje.

Mama alisimama akaanza kujifunga khanga. Miezi mitatu. Mdogo wangu angemsahau, na maziwa yangekauka, na kijiji hakingeuliza tena kama ni ndiyo au siyo, kwa maana aliyekwenda kambi ile kwetu alihesabiwa amekwisha kwenda.

Nikasema, "Ana vidonda mdomoni pia. Ni kwa sababu yangu."

Mama alinigeukia kwa jicho ambalo bado naliona. Daktari akauliza nimesema nini. Nilikuwa nimeshavuka mto, kurudi hakuna, nikamwaga yote: shule, mwalimu, majina matatu, babu, ule mnong'ono. Nilikuwa nalia kwa kwikwi, makamasi yananitoka. Sidhani alielewa hata nusu. Lakini mdomo aliuelewa. Alimshika mama bega, akampeleka dirishani, akamwomba ateremshe khanga.

Mama hakuiteremsha upesi. Alikuwa mwanamke mzima, mke wa watu, na mdomo ule hata mumewe hakuuona. Alinitazama tena, safari hii bila hasira, kisha akaiteremsha, akafungua.

Daktari aliingiza kijiko na kioo kidogo, akavuta shavu moja, akavuta la pili. Halafu akaketi, akachukua tone la mafuta, akalipaka juu ya kipele kimoja cha mkononi, akakitazama kwa kioo cha kukuzia. Akaniita. "Njoo uone, wewe uliyesema." Nikaona. Juu ya kile kipele kulikuwa na mistari myeupe, myembamba, imepishana. Akanionyesha shavu la mama kwa ndani, na mistari ileile ilikuwa pale, mikubwa zaidi, imetandaa kama ule ufumaji wa masista kwenye kitambaa cha altare. Mdomo na ngozi vilikuwa kitu kimoja. Sisi tulikuwa tumevitenga, kimoja tukamficha Bibi, kingine tukampa dresa, na kila mtu akawa na nusu yake.

Alishusha kitabu kikubwa kabatini akatuonyesha picha ya mkono wa Mzungu wenye vipele kama vya mama, ila vyekundu zaidi. Alisema maradhi haya ni ya nadra, ameyaona mara chache sana tangu aanze kazi, na mdomo ndio uliomfungua macho. Jina lake alilitaja, sikulishika. Nilikuja kulisoma ukubwani, la Kilatini, lichen planus. Si ukoma. Hayaambukizi. Hakuna ajuaye yanaanzaje, mwili wenyewe huwaka tu. Dawa ya kuyaondoa hana, na hakutaka kutudanganya: ngozi itapoa kwa mwaka au miwili na kuacha madoa, mdomo utakuja na kuondoka miaka mingi. Alitoa dawa ya zambarau ya kupaka, akakataza pilipili na tumbaku. Kisha akanigeukia. Akasema kwamba kazi yake ni kuita majina ya watu kutwa, ya wazima na ya wafu, na kama jina lingetia vidonda, yeye asingekuwa na ulimi.

Mama aliuliza swali moja tu, kama anaweza kunyonyesha. Akajibiwa hata leo.

Alipoanza kuandika barua mama aliichungulia, akauliza ni lugha gani. Ya Kiingereza. Mama akasema hapana. Nilishtuka, maana kwetu mtu hakumwambia daktari hapana. Akamweleza kwamba mwanangwa hajui Kiingereza, na barua asiyoielewa ataiweka mfukoni na kumpeleka kambini vilevile. Akasema, "Andika Kiswahili, bwana daktari, cha herufi kubwa, huyu mtoto aweze kuisoma." Alipoambiwa kuwa barua za serikali haziandikwi hivyo, alikaa tena kwenye kiti. Hakugomba. Alikaa tu, mikono mapajani, na mgonjwa mwingine mlangoni akawa anasubiri, na wa nyuma yake, hadi daktari akacheka puani, akachana karatasi akaandika nyingine.

Jumapili tulirudi njia ileile. Nilisoma ile barua kila kituo, kwa sauti, nikisitasita, mama akinirudisha nianze upya. Kufika nyumbani nilikuwa naijua kwa moyo.

Jumatatu mwanangwa alikuja na mtu wake, na kwa kuwa ni shauri la kijiji, mama aliitwa kwenye iwanza. Mwanamke haingii mle. Alisimama nje, kwenye kiwanja cha mbele, mimi ubavuni kwake, wanaume wamekaa kwenye magogo. Bibi alikuja pia, akasimama mbali, mdogo wangu mgongoni. Dresa alikuwa ameitwa kwa ajili ya safari ya kambini, ameegemea baiskeli yake. Nikasoma. Mwanamke huyu hana ukoma. Maradhi yake hayaambukizi mtu. Ale na watoto wake, anyonyeshe mtoto wake, akae nyumbani kwake. Sauti ilinipotea katikati, nikaipata tena.

Mwanangwa akauliza watajuaje kwamba mtoto amesoma kilichoandikwa na siyo alichofundishwa na mama yake. Lilikuwa swali la haki, hata mimi nasema. Dresa akaja akaichukua barua. Aliisoma mara mbili, midomo inacheza, na nikaona uso wake unabadilika, maana aliyekosea ni yeye, na watu wote wanamtazama. Angeweza kusema lolote. Alisema, "Mtoto amesoma sawa." Halafu akamgeukia mama, akapunguza sauti, akamwomba kama si vibaya amwonyeshe huo mdomo, ili siku akikutana na mwingine asimkosee.

Mama aliteremsha khanga. Mbele ya iwanza, mbele ya wanaume waliokula chakula chake miaka yote bila kumwona akila, alifungua mdomo wazi, akageuka taratibu kila upande wapate kuona. Dresa alichungulia. Mwanangwa naye alisogea akachungulia. Alipomaliza, mama hakujifunika tena. Alipita katikati yao mpaka alipokuwa Bibi, akapiga magoti.

"Mama," akasema, "nilitaja jina la baba. Mtoto alilihitaji shuleni. Kosa hilo ni langu, nipe adhabu yake. Lakini maradhi haya ni kitu kingine."

Mimi nilijificha nyuma ya dresa. Bibi alimtazama mkwe wake pale chini, mdomo uko wazi, vumbi la njia bado miguuni, matiti yamejaa hadi nguo imelowa.

"Sasa mtoto angeandikwa nani?" akasema Bibi. Akalegeza mbeleko. "Inuka, Mama Nyamizi. Mwanao ana njaa."